Kufafanua Ndoa Katika Katiba ya Jimbo: Vifungu Vitatu na Hesabu Zake kwa Hazina

Mpiga kura wa Marekani anapofungua kijitabu cha mapendekezo ya katiba katika jimbo kama California, hukuta chini ya maelezo ya kisheria mistari michache inayoeleza pendekezo husika litaigharimu serikali kiasi gani au litaiingizia kiasi gani. Pendekezo likiwa la mkopo wa kujenga shule, mistari hiyo haina fumbo: mkopo ni wa kiasi fulani, riba ni kiasi fulani, na deni litalipwa kwa miaka kadhaa. Pendekezo likiwa la kufafanua ndoa, hakuna kinachonunuliwa wala kujengwa. Kinachobadilika ni nani anahesabiwa kuwa mume au mke wa nani, na fedha hufuata nyuma ya mabadiliko hayo kwa njia za kuzunguka.

Makala haya yanalinganisha vifungu vitatu vilivyopigiwa kura na kupita: cha Michigan cha mwaka 2004, cha California cha mwaka 2008, na kingine cha California hiyohiyo cha mwaka 2024. Kigezo ni kimoja tu, nacho ni fedha za umma za jimbo na za serikali za mitaa. Dini, haki na dhamiri zina uzito wake, na wapiga kura wengi huamua kwa hayo. Lakini anayetaka kujua hazina itaguswaje anastahili kujibiwa bila kupitishwa kwanza katika mabishano hayo.

Maneno ya vifungu vyenyewe

Kifungu cha California cha mwaka 2008, kilichojulikana kama Pendekezo la 8, kilikuwa na maneno 14 tu ya Kiingereza, nacho kilisema kuwa ndoa kati ya mwanamume na mwanamke pekee ndiyo halali au inayotambuliwa California. Kifungu cha Michigan, kilichotangulia kwa miaka minne, kilikwenda mbali zaidi: muungano wa mwanamume mmoja na mwanamke mmoja katika ndoa ndio makubaliano pekee yatakayotambuliwa kuwa ndoa au muungano unaofanana nayo, kwa madhumuni yoyote yale. Kifungu cha tatu, Pendekezo la 3 la mwaka 2024, kilifuta yale maneno 14 na mahali pake kikaweka kwamba haki ya kuoa na kuolewa ni haki ya msingi.

Msomaji wa haraka ataona viwili vya kwanza ni kitu kimoja na cha tatu ni kinyume chao. Mhasibu ataona vingine. Tofauti kubwa ya kifedha haiko kati ya California ya 2008 na California ya 2024, ingawa moja ilikataza ndoa za jinsia moja na nyingine ikaziruhusu; iko kati ya California ya 2008 na Michigan ya 2004, ambazo zote zilikataza. Sababu ni yale maneno ya Michigan, "au muungano unaofanana nayo", ambayo California haikuwa nayo.

Pendekezo moja, makadirio mawili

Kabla ya kufika huko ni vyema kutazama jambo lililotokea California mwaka 2008, kwa kuwa linafundisha namna ya kusoma makadirio ya aina hii kuliko hoja yoyote. Waungaji mkono wa Pendekezo la 8 walipokuwa wakikusanya saini, muhtasari rasmi ulisema kuwa pendekezo halingekuwa na athari yoyote ya kifedha kwa serikali ya jimbo wala za mitaa, kwa sababu lisingebadilisha namna ndoa zilivyokuwa zikitambuliwa wakati huo. Hilo lilikuwa kweli. Tangu mwaka 2000 California ilikuwa na sheria ya kawaida, iliyopitishwa na wapiga kura wenyewe kwa zaidi ya asilimia 61, iliyosema jambo lilelile.

Tarehe 15 Mei 2008 Mahakama ya Juu ya California, kwa kura nne dhidi ya tatu, ikaitangua sheria hiyo ya mwaka 2000 kuwa inakwenda kinyume na katiba ya jimbo, na katikati ya Juni makarani wa kaunti wakaanza kutoa leseni kwa wapenzi wa jinsia moja. Pendekezo lilikuwa halijabadilika hata herufi. Hata hivyo, kijitabu cha Novemba kilipochapishwa, makadirio yalikuwa yamegeuka: Mchambuzi wa Bunge la jimbo, ambaye ofisi yake haiegemei chama, sasa alieleza kuwa huenda mapato yakapotea, hasa kodi ya mauzo, kwa makumi kadhaa ya mamilioni ya dola katika miaka michache iliyofuata, na kwamba kwa muda mrefu athari ingekuwa ndogo.

Kwa hiyo makadirio ya fedha hayapimi maneno ya kifungu. Hupima umbali kati ya maneno hayo na hali ya sheria siku makadirio yanapoandikwa. Kifungu kinachoandika katika katiba jambo ambalo tayari ndilo linalotendeka hakina gharama, na kifungu hichohicho, hali ikishabadilika, kinaweza kuwa na gharama. Anayelinganisha pendekezo la jimbo lake na la jimbo jingine bila kuuliza sheria ilikuwa ikisemaje siku hiyo atakuwa analinganisha vitu visivyolingana.

Fedha za harusi

Makumi hayo ya mamilioni yalitoka wapi? Yalitoka kwenye harusi. Aliyewahi kukaa katika kamati ya harusi Dar es Salaam au Mombasa hahitaji kuelezwa jinsi mchango unavyoyeyuka: ukumbi, chakula, mapambo, nguo, keki, mpiga picha, usafiri wa wageni. California nayo ina orodha yake, na sehemu kubwa ya bidhaa katika orodha hiyo hutozwa kodi ya mauzo, ambayo mwaka 2008 kiwango chake cha chini katika jimbo zima kilikuwa asilimia 7.25. Kwa kiwango hicho, ili hazina ipate dola milioni 10, wanaharusi na wageni wao hawana budi kununua bidhaa za takriban dola milioni 138.

Mambo mawili yaliipa hesabu hiyo uzito mwaka 2008 na kuupunguza baadaye. La kwanza ni mrundikano: watu waliosubiri kwa miaka mingi huoana kwa pamoja mlango ukifunguliwa, kisha idadi hushuka hadi kiwango cha kawaida. Takriban wenzi 18,000 walifunga ndoa California kati ya Juni na siku ya kura. La pili ni wageni: wakati huo majimbo yaliyofungisha ndoa hizo yalikuwa machache mno, na California haikumdai mtu awe mkazi ndipo apewe leseni. Kadiri majimbo mengine yalivyofungua milango, mgeni hakuwa na sababu tena ya kusafiri. Ndiyo maana Mchambuzi alitenganisha miaka michache ya mwanzo na muda mrefu.

Ukubwa wake nao usikuzwe. Bajeti kuu ya California ya mwaka huo ilikuwa takriban dola bilioni 100. Hata kama hasara yote ingekuwa dola milioni 50 na ikaangukia mwaka mmoja, ni senti tano katika kila dola mia. Pande mbili za kampeni zilitumia kwa pamoja zaidi ya dola milioni 80 kushindania kifungu hicho. Zilikuwa fedha za wachangiaji, si za umma, lakini zinaonyesha kuwa hakuna aliyekuwa akipigania kodi ya mauzo.

Kwa nini California haikuguswa zaidi

Swali la haki ni hili: kama ndoa inagusa kodi ya mapato, bima ya afya ya watumishi, pensheni na mirathi, mbona Mchambuzi aliona harusi tu? Jibu liko katika sheria nyingine kabisa. California ilikuwa na usajili wa wenza, na tangu tarehe 1 Januari 2005 wenza waliosajiliwa walipewa karibu haki na wajibu wote wa wanandoa chini ya sheria ya jimbo. Kuanzia mwaka wa kodi wa 2007 walijaza hata fomu ya kodi ya mapato ya jimbo kama wanandoa. Yale maneno 14 ya Pendekezo la 8 hayakuigusa sheria hiyo. Waliozuiwa kuoana waliendelea kuwa wenza waliosajiliwa, wakaendelea kulipa kodi ileile na kupata bima ileile. Kwa upande wa serikali ya shirikisho, sheria ya mwaka 1996 ilikuwa imekataa kuzitambua ndoa za jinsia moja kwa shughuli zote za shirikisho, kwa hiyo kodi ya shirikisho na hifadhi ya jamii hazikubadilika, kura iende upande wowote.

Kilichobaki kuhesabiwa kilikuwa sherehe peke yake.

Michigan, ambako maneno machache yalifika mbali

Michigan haikuwa na sheria ya wenza waliosajiliwa kwa jimbo zima. Ilichokuwa nacho ni waajiri wa umma, vikiwemo vyuo vikuu na jiji la Kalamazoo, waliotoa bima ya afya kwa wenza wa jinsia moja wa watumishi wao. Wakati wa kampeni ya mwaka 2004 baadhi ya waungaji mkono wa kifungu walieleza kuwa lengo lilikuwa ndoa, na si mafao ya watumishi. Kifungu kikapita kwa takriban asilimia 59. Mwezi Machi 2005 Mwanasheria Mkuu wa jimbo akatoa maoni kwamba mafao ya Kalamazoo hayaruhusiwi tena, na mwezi Mei 2008 Mahakama ya Juu ya Michigan, kwa kura tano dhidi ya mbili, ikakubaliana naye: kumtambua mwenza kwa ajili ya bima ni kutambua muungano unaofanana na ndoa, na katiba ilikuwa imesema "kwa madhumuni yoyote".

Hapa kuna athari ya kifedha isiyokuwepo California, nayo inastahili kutazamwa pande zote. Kwa daftari la mwajiri, kuondoa mtu kwenye bima ni kuokoa ada yake. Lakini aliyeondolewa hakuacha kuugua. Mwenye kazi nyingine yenye bima alihamia huko, na asiye nayo alikuwa na njia mbili: kujilipia, au kuangukia kwenye Medicaid, yaani bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na hospitali za umma, ambako mlipaji ni hazina ileile kwa mfuko mwingine. Kwa hiyo anayeutaja uokoaji wa Michigan kama faida safi amesoma ukurasa mmoja wa daftari.

Zaidi ya hayo, uokoaji wenyewe haukudumu. Waajiri kadhaa wa umma waliandika upya masharti yao ili bima imfikie mtu mzima mwingine anayeishi na mtumishi kwa muda fulani, bila kumwita mwenza wala kuuliza uhusiano wao. Maneno yalibadilika, na gharama ikarudi pale ilipokuwa au karibu na hapo. Mwaka 2011 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuziba mwanya huo kwa waajiri wengi wa umma, na mwaka 2013 jaji wa shirikisho akaisimamisha. Tangu kura ya kwanza ilikuwa imepita miaka tisa ya maoni ya kisheria, kesi, miongozo mipya na sheria mpya, na kila hatua ilichukua muda wa watumishi na mawakili wanaolipwa na umma.

Gharama za mahakamani

Gharama za mahakamani haziandikwi sana katika makadirio, kwa sababu hakuna mchambuzi anayeweza kutabiri kesi. Hata hivyo, sheria ya Marekani inamruhusu aliyeishinda serikali katika kesi ya haki za kiraia kudai gharama za mawakili wake, na anayezilipa ni serikali iliyoshindwa. Kifungu cha Michigan kilipingwa katika kesi iliyoishia Mahakama ya Juu ya Marekani pamoja na kesi za Ohio, Kentucky na Tennessee, na hukumu ya tarehe 26 Juni 2015 ikavifanya vifungu vyote vya namna hiyo visitekelezeke nchi nzima. Baadaye jimbo lilikubali kuwalipa mawakili wa upande wa pili dola milioni 1.9.

California ilikuwa na njia tofauti. Gavana na Mwanasheria Mkuu wa jimbo walikataa kukitetea kifungu mahakamani, kazi ikabaki kwa waungaji mkono wake, na mwezi Juni 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kuwa hao hawakuwa na sifa ya kisheria ya kukata rufaa. Hilo halikuifanya kesi iwe ya bure, lakini lilipunguza muda wa mawakili wa serikali. Mwenye kulinganisha azingatie kuwa gharama za mahakamani hutegemea sana viongozi watakaokuwa madarakani kesi ikifika, jambo ambalo hakuna kijitabu cha kura kitakachomweleza.

Kifungu cha 2024 na sifuri yake

Pendekezo la 3 la mwaka 2024 lilifikishwa kwa wapiga kura na bunge lenyewe, na makadirio yake yalikuwa mafupi: hakuna mabadiliko ya mapato wala matumizi kwa serikali ya jimbo au za mitaa. Lilipita kwa zaidi ya asilimia 62. Siku hiyohiyo Colorado na Hawaii nazo ziliondoa katika katiba zao maneno ya zamani kuhusu ndoa. Nevada ilikuwa imetangulia mwaka 2020.

Sifuri hiyo ni sahihi kwa kanuni ileile iliyotoa sifuri ya kwanza ya Pendekezo la 8. Ndoa hizo zilikuwa zikifungwa California tangu mwaka 2013, kodi zikilipwa na bima zikitolewa. Kifungu kipya kiliandika kinachotendeka. Lakini sifuri ya leo haimaanishi sifuri ya kudumu. Mwaka 2022 Jaji Clarence Thomas wa Mahakama ya Juu ya Marekani aliandika kuwa hukumu ya mwaka 2015 inafaa kuangaliwa upya. Hukumu hiyo ikitenguliwa siku moja, jimbo lenye kifungu cha kukataza kilicholala litakuta kimeamka bila kura mpya wala makadirio mapya.

Na hapo ndipo penye jambo ambalo naona halijasemwa vya kutosha. Mwezi Desemba 2022 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayolitaka kila jimbo litambue ndoa iliyofungwa kihalali katika jimbo jingine, bila kujali jinsia za wanandoa. Sheria hiyo hailazimishi jimbo kutoa leseni. Yakiunganishwa, mambo haya mawili yanaleta hesabu ya ajabu: katika jimbo lenye kifungu kilichoamka, wachumba watavuka mpaka, watafunga ndoa na kufanya karamu jimbo jirani, kisha watarudi nyumbani wakiwa wanandoa ambao jimbo lao linalazimika kuwatambua katika kodi, bima na pensheni. Jimbo litapoteza kodi ya karamu na ada ya leseni, na halitaokoa chochote upande wa mafao. Mwaka 2004 mtetezi wa kifungu kipana angeweza angalau kudai kuwa kinaokoa ada za bima. Baada ya mwaka 2022, hoja hiyo haina tena mahali pa kusimama maadamu sheria hiyo ipo.

Kwa upande wa shirikisho, picha ya jumla ilikwisha kuchorwa mapema. Mwezi Juni 2004 Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani ilikadiria kuwa kuzitambua ndoa hizo katika majimbo yote 50 na katika serikali ya shirikisho kungeboresha bajeti ya shirikisho kidogo, kwa chini ya dola bilioni 1 kila mwaka katika miaka 10. Hifadhi ya jamii na bima za watumishi zingegharimu zaidi. Lakini kodi ya mapato ingeongezeka, na misaada kwa wenye kipato kidogo ingepungua, kwa kuwa kipato cha mwenzi huhesabiwa mtu akishaolewa au kuoa. Bajeti ya jimbo hufuata mwelekeo huo kwa kiasi fulani, hasa kupitia Medicaid, ambayo gharama zake hugawanywa kati ya jimbo na shirikisho.

Kuchagua kati ya vifungu

Mpiga kura anayetaka kulinda maana ya ndoa kati ya mwanamume na mwanamke, na wakati huohuo hataki kuitikisa hazina, ataona kuwa kifungu chembamba cha mtindo wa California 2008 kina gharama inayotabirika na ya muda mfupi, mradi jimbo liwe na sheria nyingine inayoshughulikia bima na kodi za wenza. Bila sheria hiyo, hata kifungu chembamba huacha maswali ambayo yatajibiwa mahakamani.

Kifungu kipana cha mtindo wa Michigan ndicho nisichoweza kukipendekeza kwa kigezo cha fedha, hata kwa anayekubaliana na shabaha yake. Kilidaiwa kuhusu ndoa na kikaishia kwenye bima za watumishi, uokoaji wake ulizungukwa ndani ya miaka michache, na hatimaye jimbo likalipa mawakili wa pande zote mbili. Anayeshika karatasi ya kura yenye maneno kama "muungano unaofanana" au "kwa madhumuni yoyote" atafute kwanza orodha ya waajiri wa umma wa jimbo lake wanaotoa mafao kwa wenza, kwa kuwa hapo ndipo gharama au uokoaji utakapoonekana kwanza.

Kifungu cha kufuta, kama cha 2024, hakina gharama leo, na thamani yake ya kifedha ni ya aina ya bima: kinazuia jimbo kujikuta katika hali niliyoieleza ya kupoteza harusi na kubaki na mafao. Anayeamini kuwa hukumu ya 2015 haitatikisika ataiona bima hiyo haina kazi, na kwa upande wa fedha hatakuwa amekosea. Anayeona vinginevyo apime ukaribu wa mpaka wa jimbo lake na sheria ya jirani. Wakazi wa jiji lililo mpakani wanaweza kufika ukumbi wa jimbo la pili kwa nusu saa ya gari, na mapato ya karamu hiyo yatabaki huko.

Hatimaye, msomaji aangalie tarehe iliyo kwenye makadirio yenyewe. California ya mwaka 2008 ilihitaji miezi michache tu na hukumu moja ili sifuri igeuke makumi ya mamilioni, na saini za awali zilikuwa zimekusanywa chini ya ile sifuri.